Boti Iliyokwenda kwa Kikohozi

Kukohoa mara moja ni kushoto. Kupiga paa kofi ni kulia. Kunyamaza ni kusema nyoosha hivyo hivyo, mama, usinitie aibu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya boti ya Nahodha na mkewe, nayo haikuandikwa popote, kama zisivyoandikwa sheria nyingi za ndoa.

Boti ilikuwa na mashine mbili zilizoning'inia nyuma kama wake wenza, kubwa na ndogo. Kubwa iligeuzwa kwa usukani ulioko mbele, alikokaa Nahodha na kofia yake. Lakini karibu na gati, ng'ambo hii na ng'ambo ile, maji yalikuwa haba na magugu yalipenda kujiviringisha kwenye panga la mashine. Hapo kubwa iliinuliwa ikae juu ya maji, ndogo ikaachiwa ijikokote taratibu mpaka gatini. Na ndogo haikuujua usukani. Ilikuwa na mkono wake wa kuishikia, na mwenye kuushika alikuwa mke wa Nahodha, Mama Cheche.

Kutoka alipokaa Mama Cheche hapaonekani mbele. Kuna nguzo za paa, kuna migongo ya abiria, kuna magunia, kuna magodoro ya watu wanaohama. Siku moja lilipakiwa kabati la nguo lenye kioo, akavuka safari nzima akijitazama uso. Njia aliijua kwa koo la mumewe. Hapo zamani walikuwa wakipigiana kelele, huyu "kulia", huyu "kulia kwako au kwangu", mpaka abiria nao wakagawana, wengine upande wa mume, wengine upande wa mke, na wapo walioshuka wamenuniana. Nahodha akaona heshima ya chombo inakwisha, akabuni kikohozi. Kikohozi kina adabu, na abiria hajui kama kimesemwa kitu.

Mambo yalikwenda vizuri, mpaka Nahodha alipopata mafua.

Mkewe alimwambia asubuhi ile abaki kitandani. Akajibu kwamba maji hayajui mafua. Wakapakia, wakavuka, mashine kubwa ikaenda bila neno. Walipokaribia gati, Mama Cheche akavuta kamba, kubwa ikapanda, akawasha ndogo, akasubiri sauti ya bwana wake. Sauti ikaja. Ikaja mara moja, akageuza kushoto. Ikaja tena, akageuza tena. Kisha kifua kikafunguka chote, nao mke mtiifu hakuacha hata kikohozi kimoja kipotee. Boti ikaanza kuzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nahodha akapiga paa kurekebisha, lakini kila kofi moja lilifuatwa na vikohozi vitano.

Gatini watu walisimama kutazama. Wapo waliohesabu mizunguko, na hata leo hawajaafikiana. Mwishowe boti ikajigonga ubavu kwenye nguzo. Hakuumia mtu, ila mfuko wa unga wa bibi mmoja ulitumbukia ukapasuka, na maji ya gati yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Yule bibi hakusema neno. Alikaa akiyatazama tu, na kimya chake kilimwuma Mama Cheche kuliko matusi.

Msimamizi wa gati alikuwa mtu mnene wa maneno machache, na hayo machache aliyachagua. Alimsubiri Nahodha ashuke, akamwambia mbele ya watu, "Boti yako inaendeshwa kwa kifua. Leo kifua kinaumwa. Sasa boti niipeleke hospitali gani?"

Watu wakacheka. Aliyecheka kwa muda mrefu zaidi alikuwa nahodha wa boti ya jirani, ambaye abiria walimwita Asali kwa jinsi ulimi wake ulivyowapaka. Asali alikuwa amenunua boti ya pili, na boti ya pili haikuwa na zamu gatini.

Msimamizi akatoa hukumu. Boti ya Nahodha itoke kwenye zamu mpaka mashine ndogo iutii usukani kama kubwa inavyoutii, na yeye mwenyewe atapanda aone kwa macho yake. Mwezi ukiisha haijawa hivyo, nafasi hiyo anapewa mwenye boti iliyo tayari. Hakumtaja mtu. Asali akajitengeneza kola.

*

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, na kile cha mbele kilikuwa sebule, jiko la siku za mvua, na karakana. Kiti cha wageni kilikaliwa na kifuniko cha mashine ndogo, kimeanikwa juu ya gazeti. Nahodha alilala na mafua yake, uso ukiangalia ukuta. Kifuani hakuna kilichomuuma kuliko kile kicheko.

Jioni akarudi binti yao. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa jingine, lakini tangu aingie kazi ya kuchomelea vyuma kila mtu alimwita Cheche, na mama yake naye akawa Mama Cheche bila kuulizwa. Alikuwa fundi wa madirisha na mageti. Mikono ya koti lake ilitoboka vitundu vitundu kama chujio. Baba yake hakuwahi kuisema kazi hiyo waziwazi. Akiulizwa gatini binti yuko wapi, hujibu kwamba yuko mjini, kwenye mambo ya madirisha, akanyamazia hapo. Kwa hiyo gati zima lilijua binti wa Nahodha anashona mapazia. Mmoja aliwahi kuagiza ya maua.

Cheche alisikiliza habari za siku ile akinawa mikono. Alijitahidi asicheke, akashindwa pale kwenye kuku anayetaga. Kisha akauliza mashine mbili zile zimeachana kiasi gani.

"Kwa nini?" baba akauliza ukutani.

"Kubwa inageuzwa na usukani. Tukiifunga ndogo na kubwa kwa fimbo ya chuma, kubwa ikigeuka, inaisukuma ndogo nayo igeuke. Usukani mmoja, mashine mbili."

"Hiyo si geti, mwanangu."

"Geti nalo lina mabawa mawili, baba, na ukivuta moja jingine linakuja. Mimi nayafanya hayo kila wiki."

Nahodha akageuka kitandani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kugeuka siku hiyo. Akasema basi, kama ni kufanya, hiyo fimbo iwe imara, isicheze hata kidogo, maana ameshachoka na vitu vinavyocheza. Mama Cheche aliyekuwa anakunja nguo hakuchangia kitu. Alipoulizwa mbona kimya, akasema anasikiliza jinsi anavyofukuzwa kazi.

"Nani kakufukuza?" mume akauliza.

"Chuma. Miaka yote hiyo nimekaa juu ya tangi la mafuta, nimelowa, nimeungua mkono kwa moshi. Leo kazi yangu anapewa kipande cha nondo, tena bila hata kuagwa."

Nahodha alikohoa. Mama Cheche, mkono wake wa kushoto ukasogea wenyewe juu ya nguo.

*

Fimbo ile ya kwanza ilikuwa nzuri sana, na hapo ndipo ilipokosea. Cheche aliipima boti ikiwa imefungwa, mashine zote mbili zimeshushwa, kama dirisha linavyopimwa likiwa limefungwa. Alikata bomba, akachomelea bamba huku na bamba huku, akalainisha vyote kwa tupa mpaka kidole hakikwami. Katikati, kwa mazoea ya mkono, akaweka ua la chuma, lile ua la petali nne analoweka kwenye madirisha ya watu wenye uwezo. Baba yake akaliona, akasema boti haina haja ya kupendeza. Cheche akasema ua halili kitu.

Wakaifunga kwa bolti, wakakaza. Nahodha akakaa mbele, akazungusha usukani. Kule nyuma kubwa ikageuka na ndogo ikageuka, pamoja, kama watu wawili walioitwa jina moja. Hakuiwasha wala hakuondoka gatini. Alizungusha kushoto, akazungusha kulia, akashuka akawaita watu waje waone. Alimwita na Asali. Mafua yalikuwa yamebakia kikohozi tu, lakini kichwa kilikuwa kimeshapona kupita kiasi.

Msimamizi alipanda alasiri, na watu wengine wakapanda kwa umbeya. Wakatoka na kubwa hadi kwenye boya, wakageuka, wakarudi. Penye maji haba, Mama Cheche akatangulia kuwasha ndogo, kisha akavuta kamba ili kubwa ipande.

Kubwa ikapanda. Na kwa kuwa ilikuwa imefungwa na ndogo kwa chuma kisichocheza hata kidogo, ikapanda nayo. Mashine ndogo ikainuka kichwa upande, panga likatoka majini likapiga mayowe hewani. Nahodha akavuta usukani, usukani ukagoma kama mlango uliopigwa komeo. Mama Cheche akazima haraka kabla kitu hakijakatika. Boti ikasimama katikati ya magugu, kimya kabisa, na lile ua la chuma liking'aa juani.

Waliokuja kuwavuta walikuwa watu wa Asali. Asali mwenyewe aliirusha kamba, tena kwa upole, na hapo kwenye upole ndipo palipokuwa na sumu. Alimwambia Nahodha asijali, jambo hili humpata kila mtu. Kisha, walipofika gatini, akauliza kama hilo pazia limeshonwa na binti.

Cheche alikuwa gatini, alisikia. Alitazama baba yake, akasubiri, na baba yake akaendelea kufunga kamba ambayo ilikuwa imeshafungwa.

*

Hakuna aliyemlaumu mwenzake nyumbani, na hilo liliwafanya wote wale bila hamu. Nahodha alisema labda wamwombe Msimamizi wakubaliwe kengele badala ya kikohozi. Mama Cheche akamwuliza, na siku mkono utakapopata mafua?

Cheche hakumaliza chakula chake. Alichukua taa ya mkononi akaenda kwenye boti na mama yake akamfuata, si kwa kuitwa. Wakakaa nyuma, mama juu ya tangi lake, binti amepiga magoti mbele ya mashine.

"Nilidhani inapanda moja kwa moja," Cheche akasema. "Kama mlango wa duka wa kuvuta juu."

"Haipandi hivyo. Vuta kamba uone. Inapopanda, kichwa kinakuja mbele halafu kinaegemea huku, kwa mwenzake. Kama mtu anayesogea kitandani amwachie mwingine nafasi."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza urefu. Hukuniuliza tabia."

Cheche akacheka, akavuta kamba. Ikawa kama alivyoambiwa. Wakarudia mashine ikiwa juu na ikiwa chini, usukani umekatwa wote kushoto na wote kulia, na mama akawa anasema kabla haijatokea itakwenda wapi. Fimbo haikuwa na kosa la nguvu. Ilikuwa na kosa la shingo. Ilihitaji kichwa kila upande kinachoweza kuinama na kuzunguka bila kulegea. Na vichwa vya namna hiyo Cheche alivijua, kwa sababu kila gari lina vyake karibu na magurudumu ya mbele: kirungu cha chuma ndani ya kikombe, kinachogeuka pande zote lakini hakichomoki. Tena vina uzi wa kukaza kama wa bolti, ili fimbo irefushwe au ifupishwe mpaka ikae sawasawa.

Vilikuwa ng'ambo, kwa wauza vyuma chakavu. Cheche alikuwa kazini, baba alikuwa hatembei gatini kwa aibu, kwa hiyo aliyekwenda ni Mama Cheche. Na boti iliyokuwa zamu ilikuwa ya Asali.

Katika kazi ile watu wa boti hawalipishani. Nahodha akipanda chombo cha mwenzake, au mke wake akipanda, hukaa tu, na siku nyingine hurudishiwa hivyo hivyo. Haijapata kuwa vingine. Mama Cheche akapanda, akakaa, akasalimia. Asali akawa anapita akikusanya nauli, huyu, huyu, akafika kwake, na kiganja hakikumruka. Kikabaki wazi mbele yake.

Watu waligeuza nyuso wakatazama maji. Mama Cheche akafungua fundo la kanga, akalipa, akasema ahsante. Safari yote alikaa wima, na kwa kuwa alikaa mbele kama abiria wengine, aliyaona maji. Aliyaona mara ya kwanza akiwa na akili ya kuyatazama: pale magugu yanapoanza, pale pana rangi ya udongo, pale penye mfereji mwembamba ambao mumewe huukosa kila siku kwa upana wa mlango. Akasema moyoni, kumbe.

Nyumbani alitoa vichwa viwili vyenye kutu akaviweka mezani. Habari ya nauli hakuisema. Iliingia kwa mlango mwingine, ikaletwa na jirani kabla ya magharibi, na Nahodha akaisikia akiwa amesimama na kikombe mkononi. Alikiweka chini. Akavaa kofia, akatoka. Mkewe alidhani anakwenda kupigana. Alikwenda kwenye karakana ya madirisha, ambako hakuwa amekanyaga hata mara moja tangu binti yake aajiriwe, akasimama mlangoni macho yakimtoka machozi kwa mwanga wa moto.

"Usitazame moto, baba," Cheche akasema, akamrushia miwani myeusi.

Akaivaa. Akavuta ndoo akakaa. Alimtazama binti akipunguza kutu, akikata bomba jipya, akikaza kichwa kwenye uzi, akikilegeza robo mzunguko, akikikaza tena. Hakusema isicheze. Cheche alipoizima mashine ya kuchomelea, Nahodha aliichukua fimbo, akaizungusha shingo zake huku na huku, akaipindua kutafuta kitu.

"Na ua?" akauliza.

"Si ulisema boti haina haja ya kupendeza?"

"Niliumwa. Mgonjwa husema mengi."

*

Siku ya kujaribu mara ya pili gati lilijaa. Watu walishaona kuku anataga na walishasikia panga likipiga mayowe, hakuna aliyetaka kukosa sehemu ya tatu. Asali alikuwa ameileta boti yake mpya, ameifunga karibu kabisa na nafasi, rangi bado inanuka.

Nahodha alikuwa anakwenda mbele kukaa, Msimamizi akamzuia kwa kidole.

"Wewe nimeshakuona. Chombo cha watu wawili kikipata balaa, nitataka yeyote aliyebaki awafikishe watu. Leo ashike mama."

Nahodha akasema, kwa heshima, kwamba mke wake hajawahi kuishika boti hii.

"Nimeishika miaka yote," Mama Cheche akasema. "Ila kwa nyuma."

Akapita katikati ya abiria, akakaa kwenye kiti cha mumewe. Kilikuwa na bonde la mtu mwingine, akajisogeza mpaka akapata lake. Nahodha akabaki amesimama, halafu, kwa kuwa palikuwa na nafasi moja tu iliyobaki na kamba moja ya kuvutwa, akaenda nyuma akakaa juu ya tangi.

Wakaenda mpaka kwenye boya, wakageuka. Maji yakaanza kuwa haba. Mama Cheche akainua mkono, Nahodha akavuta kamba. Kubwa ikapanda, kichwa kikaja mbele, kikaegemea kwa mwenzake, na fimbo ikainama nayo shingoni bila kulalamika. Ndogo ikabaki majini, imetulia. Nahodha akaiwasha, kisha akaondoa mkono, akauweka gotini, asijue la kuufanyia.

Mbele, mke akazungusha usukani kidogo. Nyuma, zote mbili zikageuka.

Hakuelekea njia ya kila siku. Alikata kwenye mfereji ule mwembamba alioulipia nauli, boti ikapita kati ya magugu na udongo bila kugusa chochote. Msimamizi, aliyekuwa amekaa karibu na fimbo, aliinama akaitazama ikifanya kazi, akagusa ua la chuma kwa kidole. Akauliza ni nani fundi.

Nahodha alikuwa anaona migongo tu: mgongo wa mwanamke na kikapu, mgongo wa mzee, nguzo ya paa. Gati hakuliona. Lakini alisikia watu wamenyamaza huko, akajua wamekaribia, akasema kwa sauti ya kutosha kufika nchi kavu.

"Binti yangu. Anachomelea vyuma. Mapazia hajui, hata sindano ikimwona hukimbia."

Watu wakacheka, na kicheko hiki kilikuwa chake. Na Cheche, aliyesimama gatini na koti lake la vitundu, akainamisha kichwa akajifanya anafunga kiatu. Asali akaanza kuifungua kamba ya boti yake mpya, polepole, kama mtu aliyekuwa amepita tu kusalimia.

Hapo ndipo kifua cha Nahodha, pengine kwa furaha, pengine kwa moshi wa mashine ambao kumbe wote huenda kwa aliyekaa nyuma, kikafunguka. Akakohoa. Akakohoa tena, na tena, kwa nguvu zote za siku zile.

Vidole vya mkono wa kushoto wa Mama Cheche vilistuka juu ya usukani. Vikatulia. Boti ikanyooka, ikapunguza, ikajilaza kwenye gati kwa ulaini ambao hata yai lisingejua kwamba limefika.

Msimamizi alishuka bila hotuba, akaonyesha nafasi kwa kidole, akaenda zake. Abiria wakashuka. Yule bibi wa unga alikuwa miongoni mwao, akampa Mama Cheche mkono wa kushikwa wakati wa kuvuka ubao, na hakuyaangalia maji.

Nahodha akaja mbele akipangusa macho, akasimama kando ya kiti ambacho hakuwa na uhakika tena kama ni chake.

"Mama Cheche," akasema. "Nilivyokohoa kule nyuma, ulinisikia?"

"Nilikusikia," mkewe akasema. "Meza dawa."